Kuboresha saspensheni ya gari la zamani: mwongozo kamili, kuanzia bushi hadi alainimenti

Gari la miaka ya 1980 au 1990 lililofika leo na miguu yake ya kiwandani halina tena miguu ile aliyoichora mhandisi wake. Raba za bushi, yaani vipande vya maungio ya saspensheni, zimekauka na kupasuka, springi zimelala milimita kadhaa, na shokapu zimeishiwa nguvu polepole mno hata dereva kazoea bila kujua. Ukifunga springi fupi na ngumu juu ya hali hiyo, utapata gari lililoshuka, linalodunda, na ambalo bado halitabiriki katikati ya kona. Kwa hiyo kazi hii ina mpangilio: kwanza unarudisha kilichokufa, kisha unaongeza, mwisho unapima na kurekebisha. Wengi huanza katikati, kwa sababu springi huonekana kwenye picha na bushi hazionekani.

Yanayofuata yanafaa magari mepesi ya wapenzi wa kuendesha: Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, BMW E30 na E36, Toyota AE86, Nissan Silvia S13, Volkswagen Golf GTI za vizazi viwili vya mwanzo, na mengine ya aina hiyo. Miundo yao haifanani. MX-5 ina amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) ya juu na ya chini kwenye kila gurudumu. Hayo mengine yote mbele yana mfumo wa MacPherson, ambao shokapu hubeba springi na pia husimama badala ya amu ya juu. Nyuma, AE86 ina ekseli nzima iliyoshikwa na fimbo nne na fimbo moja ya kukingama, wakati E30 ina amu pana zinazobembea kwa mshazari. Tofauti hizi ndizo zitakazoamua gari ulishushe kiasi gani, na bushi zipi uziache ziwe za raba.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Inua gari, liweke juu ya stendi nne imara, na usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, shaka ni boljointi (kiungo cha duara mwishoni mwa amu) au beringi ya gurudumu. Mwombe mtu akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi (fimbo ya usukani), au bushi za raki ya usukani. Kisha chukua mtaimbo mfupi, uusukume kati ya amu na mahali iliposhikwa. Bushi nzima hujongea kidogo na kurudi. Bushi iliyokufa huachia chuma kigonge chuma, au huonyesha ufa unaofunguka kama mdomo kila unaposukuma.

Shokapu yenye mafuta yaliyotiririka mwilini hiyo basi. Lakini isiyovuja si lazima iwe nzima, kwa kuwa vali za ndani huchakaa bila kuonekana. Jaribio la kubonyeza boneti na kuhesabu midundo hugundua shokapu iliyokufa kabisa tu. Ikiwa gari limetembea zaidi ya kilomita 100,000 kwa shokapu zilezile, zihesabu kama zimekwisha.

Kutu ndiyo inayoweza kukufanya uahirishe mradi mzima. Angalia minara ya shokapu ndani ya boneti na ndani ya buti, sehemu amu zinapofungwa kwenye bodi, na viti vya springi. BMW za E36 na E46 zina sifa ya kupasuka mahali fremu ndogo ya nyuma inaposhikana na bodi, na hapo springi ngumu huongeza ufa tu. Ukikuta bati limeoza, kazi ya kuchomelea inatangulia kila kitu.

Halafu pima na uandike. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa mkunjo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na tangi likiwa nusu. Usipime kutoka sakafuni, maana upepo na unene wa tairi vitakudanganya. Namba hizi nne ndizo zitakazokuambia baadaye gari limeshuka kiasi gani hasa.

Sasa tazama matairi. Ubavuni kuna tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka 6 hugeuka gumu hata kama kashata zake bado ndefu, na hakuna springi itakayolipatia mshiko. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, nunua matairi mazuri manne ya saizi ya kiwandani au karibu yake. Rimu kubwa na nzito huongeza uzito usiobebwa na springi, na shokapu ndizo zitakazolipa.

Bushi: hapa ndipo gari linaporudi

Kuna raba ya kawaida, raba ngumu zaidi ya michezo, poliyurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo), na viungo vya chuma vya duara. Viungo vya chuma waachie watu wa mashindano. Barabarani hupitisha kila kokoto hadi kitini, na vumbi huvimaliza upesi. Poliyurethani hupendwa kwa sababu ni rahisi kufunga na ina rangi za kuvutia. Inafaa pale bushi inapozunguka kwenye mhimili mmoja tu: bushi za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), na za amu ambazo mihimili yake miwili iko kwenye mstari mmoja. Haifai pale amu inapobembea na kujipinda kwa wakati mmoja, kama amu za nyuma za E36 au fimbo za ekseli ya AE86. Raba hukubali kupindwa pande zote. Poliyurethani hukataa, amu inakwama, na ule mkwamo unafanya kazi kama springi ya ziada ambayo hukuiomba. Mkia wa gari unakuwa mgumu ghafla katikati ya kona, kisha unaachia. Bora hapo raba mpya, ya kawaida au ngumu kidogo.

Kutoa bushi ya zamani bila presi: toboa raba kwa drili kuzunguka bomba la katikati mpaka litoke, kisha ingiza uzi wa msumeno wa chuma ndani na ukate ganda la nje taratibu. Simamisha msumeno ganda linapokaribia kuisha. Mkwaruzo mdogo ndani ya jicho la amu unavumilika, mfereji hauvumiliki, kwa sababu hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kabla ya kutoa, piga alama ya rangi kuonyesha bushi ilikaaje. Nyingi zina nafasi wazi ndani ya raba ambazo zimeelekezwa makusudi mbele na nyuma, na ukizigeuza robo mzunguko umebadilisha tabia ya gari.

Bushi mpya yenye ganda la chuma ilaze kwenye friza usiku kucha. Itasinyaa kidogo na kuingia kwa nguvu pungufu. Sukuma ganda la nje, kamwe si bomba la katikati. Kwa bushi ya raba isiyo na ganda tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha raba na kuiua. Poliyurethani hupakwa grisi ya silikoni, ile nene inayonata, ndani na kwenye nyuso za pembeni. Ukiiruka hatua hiyo, gari litalia kama kitanda cha zamani ndani ya miezi michache.

Kisha lipo kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Bomba la katikati la bushi ya raba hubanwa na boliti lisizunguke. Raba yenyewe ndiyo inayojipinda amu inapopanda na kushuka. Ukikaza boliti gari likiwa hewani, magurudumu yananing'inia, umeifanya hali ya kuning'inia kuwa ndiyo mapumziko ya raba. Chukua amu ya milimita 350 ambayo gurudumu lake limening'inia milimita 80 chini ya kawaida: ukiliteremsha gari, kila bushi ya raba inakaa imepindwa nyuzi 13, saa zote, hata gari limeegeshwa. Gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, linakuwa gumu, na bushi mpya zinapasuka mapema. Kwa hiyo wakati wa kufunga, boliti zote za bushi za raba ziache zikiwa zimeshika tu. Zitakazwa mwisho, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Poliyurethani haina shida hiyo, kwa kuwa huzunguka juu ya bomba lake.

Springi na shokapu: hesabu kidogo kabla ya pochi

Ugumu wa springi hutajwa kwa N/mm, kg/mm au lb/in. Kg/mm 1 ni N/mm 9.8, au lb/in 56. Lakini gurudumu haliusikii ugumu wa springi moja kwa moja. Springi ikikaa kwenye amu, ndani kuliko gurudumu, tuseme gurudumu likipanda milimita 10 springi inabanwa 7 tu, na uwiano huo wa 0.7 unaingia mara mbili: ugumu kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara 0.7 mara 0.7.

Tuchukue springi ya N/mm 50. Kwenye gari la amu mbili lenye uwiano wa 0.7, gurudumu linapata N/mm 24.5. Kwenye MacPherson yenye uwiano wa 0.95, linapata N/mm 45. Springi ileile, gari moja karibu mara mbili ya jingine. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye gari tofauti, kwamba springi za kg/mm 6 ni nzuri, hauna maana yoyote kwako.

Ili kujua kama ugumu huo unafaa, tafuta mdundo wa asili wa gari. Geuza ugumu wa gurudumu kuwa N/m, gawanya kwa kilo za bodi zinazobebwa na gurudumu hilo, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 6.28. Kwa kilo 250 na N/mm 24.5: 24,500 gawanya kwa 250 ni 98, kipeuo chake 9.9, gawanya kwa 6.28 unapata Hz 1.58, yaani midundo 1.58 kwa sekunde. Kwa MacPherson ya mfano wetu unapata Hz 2.1. Gari la kawaida la kiwandani hukaa kati ya Hz 1.0 na 1.3. Kati ya 1.4 na 1.8 ndipo penye raha kwa gari la barabarani linalopenda kona. Ukivuka 2, gari hilo ni la uwanjani, na barabara yenye mabaka litairuka badala ya kuishika. Nyuma weka mdundo wa juu kidogo kuliko mbele, karibu sehemu moja ya kumi, ili tuta likipitwa mkia uuwahi mwendo wa pua na gari litulie mapema.

Kushusha gari ni jambo la pili, tena la kiasi. Kwenye MacPherson, amu ya chini ikishatazama juu kuelekea gurudumu, kitovu ambacho bodi huinamia kinashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Matokeo yake ni kichekesho: gari lililoshushwa linalala zaidi kwenye kona, na tairi la nje linapoteza kemba (mwinamo wa tairi likitazamwa kutoka mbele) wakati linapoihitaji. Fimbo za usukani nazo zinapoteza ulinganifu na amu, kwa hiyo kila bonde linageuza magurudumu kidogo bila wewe kugusa usukani. Milimita 20 hadi 30 zinatosha. Ukitaka zaidi, utahitaji vipande vya kuinulia boljointi chini ya nako (kipande kinachobeba habu) pamoja na tairodi zilizorekebishwa, na hapo hesabu ya fedha inabadilika.

Kukata springi kwa msumeno ni njia mbaya ya kuokoa fedha. Springi iliyokatwa kweli huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko imepungua, lakini ncha yake haikai tena kwenye kiti, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Kuipasha moto ilale ni mbaya zaidi, maana unaharibu ugumu wa chuma chenyewe.

Shokapu lazima ilingane na springi. Springi ikizidi ya kiwandani kwa theluthi moja au zaidi, shokapu ya kawaida haiwezi kuizuia inaporudi juu, na gari linaelea baada ya kila tuta. Urefu nao ni muhimu vilevile. Shokapu ya urefu wa kiwandani kwenye gari lililoshuka milimita 40 inakaa karibu na mwisho wake wa chini, ikigonga raba ya kizuizi kila mara. Gari linaonekana gumu na mwenyewe anadhani ni springi, kumbe ni raba. Acha angalau milimita 50 hadi 60 za kupanda kabla ya kizuizi.

Kuhusu koilova, yaani shokapu zenye nyuzi za kupandisha na kushusha: seti nzuri isiyo na vitasa vingi ni bora kuliko seti rahisi yenye mibofyo 32 isiyobadilisha kitu. Angalia pia inashushwaje. Zile zinazoshushwa kwa kuteremsha kiti cha springi peke yake hupunguza safari ya shokapu kila unaposhusha. Zile zenye mwili wa chini unaojifunga kwenye mabano yake huacha safari ilivyo, ila sasa ni tairi linaloweza kugusa bodi.

Kufunga: mguu wa mbele wa MacPherson

Siku moja kabla, safisha nyuzi za boliti zote kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Nunua mapema nati mpya za kujifunga, pamoja na boliti zozote ambazo kitabu cha gari kinasema zisirudiwe. Maunti za juu (zinazoshika shokapu kwenye mnara) na beringi zake zibadilishe kabisa wakati mguu uko nje, kwani kurudi baadaye kwa ajili ya beringi ya kelele ni kurudia kazi nzima.

1. Inua mbele yote, pande mbili kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza inasukuma na kiungo chake kitaruka unapokitoa.

2. Piga alama ya rangi kwenye boliti zinazounganisha shokapu na nako, hasa kama ni za kurekebishia kemba. Ondoa mabano ya hosi ya breki, waya wa kihisi cha ABS na kiungo cha stabilaiza. Kalipa ikibidi kutoka, ining'inize kwa waya. Hosi si kamba.

3. Toa boliti za chini huku umeizuia habu isianguke nje. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, habu ikidondoka inaweza kuchomoa kiungo cha ndani cha shafti. Kisha toa nati ndogo za juu kwenye mnara. Nati ya katikati usiiguse.

4. Weka vibana springi viwili, kimoja mkabala na kingine, vikishika mizunguko mingi iwezekanavyo. Kaza kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, hadi springi ichezeke kwenye kiti chake kwa mkono. Usisimame kwenye mstari wa ncha ya springi. Hapo tu ndipo unafungua nati ya katikati, ukiizuia fimbo kwa ufunguo wake wa pembe sita. Usiishike fimbo kwa koleo: mkwaruzo mmoja kwenye kromi utaikata sili, na shokapu mpya itavuja kabla ya mwezi.

5. Shokapu mpya ya mirija miwili isimamishe wima, uibonyeze hadi chini na kuivuta mara nne au tano ili hewa itoke. Kwenye magari kama E30, ambayo moyo wa shokapu huingizwa ndani ya bomba la zamani, mwaga mafuta yaliyomo, safisha, na mimina mafuta mapya kidogo kuuzunguka moyo ili joto lipate njia ya kutoka. Usijaze pomoni, kwa kuwa mafuta yakipata moto hupanuka.

6. Panga kwa utaratibu: raba ya kizuizi, kava la vumbi, springi na raba zake za juu na chini, kiti cha juu, beringi, maunti, nati. Ncha ya springi lazima iguse ngazi yake kwenye kiti. Kaza nati ya katikati kwa spana na toki renchi. Mashine ya kufungulia nati huzungusha fimbo kwa kasi na kuumiza sili.

7. Rudisha mguu, ukianza na nati za juu. Kunja usukani kushoto kabisa na kulia kabisa uone hosi ya breki haivutwi wala haigusi tairi.

8. Teremsha gari juu ya vipande vya mbao chini ya magurudumu ili ubaki na nafasi ya kuingia. Lisukume mbele na nyuma, lidundishe mara kadhaa litulie, kisha kaza boliti za bushi kwa namba za kitabu chako.

Nyuma kazi huwa fupi, kwa kuwa mara nyingi springi na shokapu zimetengana. Shusha amu taratibu kwa jeki na springi itatoka bila kubanwa. Lakini angalia jambo moja: baadhi ya magari ya zamani yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi ndogo, inayopima mzigo kwa kimo cha gari. Ukishusha nyuma, vali inadhani buti limejaa, inaongeza nguvu ya breki nyuma, na magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema. Irekebishe kwa maelekezo ya kitabu kabla ya kwenda popote. Taa za mbele pia zitakuwa zimebadilisha mwelekeo, zielekeze upya.

Stabilaiza

Ugumu wa stabilaiza hupanda kwa nguvu ya nne ya kipenyo. Kutoka milimita 22 kwenda 25 kunasikika kidogo, lakini ni ongezeko la theluthi mbili nzima. Mbele nene zaidi huongeza pua kukataa kuingia kona. Nyuma nene zaidi huongeza mkia kutoka. Kwenye Golf, kuongeza nyuma ni dawa inayojulikana, na gurudumu la ndani la nyuma kunyanyuka kona kali si ugonjwa. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na difu ya kawaida isiyobana, nyuma nene hufanya gurudumu la ndani lizunguke bure unapokanyaga mafuta. Huko nenda polepole, pengine usiongeze kabisa.

Baada ya gari kushuka, stabilaiza inaweza kuwa imepinda hata gari limesimama. Viungo vinavyorekebishika urefu vinatibu hilo: gari likiwa chini na mtu mwenye uzito wako amekaa kwenye kiti, rekebisha hadi boliti ya kiungo iingie kwa vidole.

Alainimenti ni nusu ya kazi

Alainimenti ni kupanga pembe za magurudumu. Endesha kilomita 100 hadi 200 kwanza, springi zikae na bushi zitulie. Kimo kikibadilika baada ya alainimenti, umelipa bure. Mpangilio ni huu: upepo wa matairi, kimo, kemba na kasta, kisha tou, nyuma kabla ya mbele. Tou, yaani matairi kuelekezana ndani au nje yakitazamwa kutoka juu, huachwa mwisho kwa kuwa marekebisho mengine yote huihamisha.

Kwa barabara zenye kona, pa kuanzia ni hapa: mbele kemba hasi ya digrii 1 hadi 1.5, yaani sehemu ya juu ya tairi kuinamia ndani; nyuma digrii 1 hadi 1.5 pia. Kwa siku za uwanjani, mbele hasi 2 hadi 3, ukikubali ukingo wa ndani wa tairi kwisha mapema. Kasta, yaani mhimili wa kugeuzia gurudumu kulalia nyuma ukitazamwa kutoka ubavuni, kadiri gari linavyoruhusu, digrii 5 hadi 7 ikiwezekana, sawa pande zote mbili. Tou ya mbele sifuri, au ndani milimita 1 kwa jumla. Nyuma ndani milimita 1 hadi 3 kwa jumla, na isitoke nje hata kidogo: gari linalosukumwa nyuma lenye tou ya nje nyuma hubadilisha mawazo katikati ya kona. Kwenye rimu ya inchi 15, milimita 1 ni karibu dakika 9 za digrii.

Tou unaweza kuipima mwenyewe kwa uzi. Vuta nyuzi mbili kando ya gari kwa kimo cha katikati ya habu, juu ya stendi nne. Zilinganishe kwa kupima kutoka kila habu: pande mbili za mbele ziwe sawa, na za nyuma ziwe sawa, ukikumbuka kwamba upana wa mbele na nyuma haufanani. Usukani uwe katikati, umefungwa usisogee. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya gurudumu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tou ya gurudumu hilo. Boliti za kurekebishia zenye kitovu cha pembeni, kama za MX-5, huwa zimeganda kwa kutu ndani ya bomba la bushi. Zikigoma, usizivunje vichwa kwa hasira. Zikatwe pande zote mbili za bushi, na uwe na mpya mkononi.

Kupima na kusahihisha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukiandike. Anza na upepo wa tairi, maana ni bure: psi 2 hadi 3 mbele au nyuma zinasikika kabisa. Kwenye shokapu zinazorekebishwa, zungusha hadi ukali wa mwisho, kisha hesabu mibofyo ukirudi, kwa sababu upande laini huwa hauna mwisho unaoaminika. Anzia laini. Ongeza mibofyo miwili miwili hadi mwili wa gari uache kuelea baada ya tuta, usivuke hapo. Shokapu kali kupita kiasi huzuia springi kurudi, na matuta yakifuatana gari linazidi kushuka hadi kwenye vizuizi.

Kujua kama unagonga kizuizi, funga uzi mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya shokapu, uubane uguse mwili wake, uendeshe njia yako ya kawaida, kisha utazame umesukumwa hadi wapi. Ukifika kwenye raba kila safari, unahitaji kimo zaidi au springi ngumu zaidi.

Pua ikikataa kuingia mwanzoni mwa kona, angalia kemba ya mbele na tou kabla ya kununua kitu. Ikikataa katikati, na gari likiwa chini sana, shaka ni kizuizi cha mbele. Mkia ukitoka unapoachia mafuta ghafla, tou ya nyuma ndiyo mshukiwa wa kwanza, na bushi za amu za nyuma wa pili. Mgongo mmoja mkavu wa kelele (kama chuma kugonga chuma) kwenye tuta dogo mara nyingi ni kiungo cha stabilaiza au nati ya juu ya shokapu; kelele ya kukwaruza unapozungusha usukani gari limesimama ni beringi ya juu, au ncha ya springi iliyokaa nje ya ngazi yake.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo, pitia kila boliti kwa toki renchi, na gari likiwa juu ya magurudumu yake. Pima tena vile vimo vinne ulivyoviandika mwanzoni. Kushoto na kulia vikitofautiana zaidi ya milimita 5 kwa springi mpya, usiipandishe pembe moja ya koilova ili kuficha, kwa sababu uzito utahamia kwenye magurudumu mawili yaliyokabiliana kwa mshazari na gari litakata kona za kushoto vizuri na za kulia vibaya. Tafuta kwanza springi iliyokaa vibaya au bushi iliyokazwa hewani.